Anayechapia Kimombo na Wanaomcheka

Mtoto anayetoka shule ya msingi ya serikali, zile tulizozibandika jina la St. Kayumba, huingia kidato cha kwanza akiwa na sauti. Kwa miaka saba amejibu maswali, amebishana na wenzake kuhusu Simba na Yanga, amesimama mstarini kughani shairi, na pengine amekuwa kiranja aliyeogopwa na madarasa yote ya chini. Miezi michache baadaye mtoto huyohuyo anakaa dawati la nyuma, macho yameganda kwenye daftari, na mwalimu akiuliza swali anainama kama anayetafuta kalamu iliyoanguka. Shule inaandika kwenye ripoti kwamba hashiriki darasani. Nyumbani wanasema amekua, ametulia. Maelezo yote mawili hayagusi kilichotokea. Mtoto amegundua kwamba kila neno la Kiingereza analolitamka sasa linapimwa na wenzake arobaini au sitini, kwamba likitoka vibaya litachekwa, na kwamba kicheko hicho kinaweza kumfuata hadi kidato cha nne.

Hofu ya kuhukumiwa na watu ina sura nyingi katika maisha yetu, kuanzia michango ya harusi hadi rangi ya ngozi. Nimeichagua hii ya lugha kwa sababu karibu kila Mtanzania aliyepita sekondari ameionja, na kwa sababu inaanika jambo ambalo wahamasishaji wetu hulikwepa. Wao hutuambia tujiamini, tusijali watu wanasema nini, kila mtu awe yeye mwenyewe. Ushauri huo unachukulia kwamba hofu inazaliwa kifuani mwa mwoga na dawa yake iko humohumo. Mimi naona inazaliwa mahali ambapo kosa dogo la ulimi limepewa kazi ya kupima akili, malezi na hadhi ya mtu mzima. Maadamu kipimo hicho kipo, anayenyamaza amepiga hesabu zake vizuri kuliko mshauri wake.

Historia yenyewe inajulikana, kwa hiyo niipitie haraka. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia elimu ya msingi mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na sekondari ikabaki mikononi mwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1982 kwamba sekondari nayo ianze kufundishwa kwa Kiswahili, lakini serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote. Tamko likabaki kwenye karatasi. Kwa hiyo kila Januari kundi kubwa la watoto waliosoma hesabu, sayansi na maarifa ya jamii kwa lugha wanayoiotea ndoto linavushwa kwenda lugha nyingine, likipewa wiki chache za kozi ya kuzoeshwa, kisha baiolojia inaanza. Wataalamu wamebishana kwa miongo minne kama uvukaji huo una manufaa kwa elimu, na mjadala huo nitawaachia. Kinachonishughulisha hapa ni kinachompata mtu anayevushwa.

Tuingie darasani. Mwalimu ameandika ubaoni, amesoma alichoandika, na sasa anauliza kwa Kiingereza kama wote wako pamoja. Darasa zima linaitikia "yes" kwa sauti moja ndefu yenye kibwagizo, kama waumini wanaoitikia sala. Nani ameelewa na nani hajaelewa, hakuna ajuaye, na hiyo ndiyo faida ya kuitikia kwa pamoja: kila mmoja amesema na hakuna aliyesema. Mwalimu anauliza kama kuna swali. Kimya. Hapo anamwita mwanafunzi mmoja kwa jina, asimame, aeleze damu inavyozunguka mwilini. Kijana anajua. Anajua moyo unasukuma, anajua ateri na vena, na ungemkuta jana jioni akimweleza mdogo wake habari hiyo ungedhani amezaliwa mwalimu. Lakini maarifa hayo yamekaa kichwani mwake kwa Kiswahili, na yanatakiwa kutoka kwa lugha ambayo bado hajui vitenzi vyake vinakaaje. Anasema "the blood is go", anakwama, anarudia "is go". Kutoka nyuma mtu anairudia sentensi hiyo kwa sauti ya kubana pua, darasa linaangua kicheko, na mwalimu, ambaye si mtu mbaya, anashindwa kuficha tabasamu. Kufikia mapumziko ya saa nne kijana ameshapata jina, na jina lenyewe ni Izgo.

Baada ya siku hiyo Izgo anapiga hesabu ambayo mtu mzima yeyote angeipiga. Akijibu sawasawa, atakachopata ni kuambiwa aketi. Akijibu vibaya, atalipa mpaka amalize shule. Mtu mwenye akili timamu hachezi mchezo wa namna hiyo, na kwa kweli ajabu ingekuwa kumwona ananyoosha mkono tena. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas walieleza wasiwasi unaowapata watu wanaojifunza lugha ya kigeni darasani, wakauchambua katika nyuzi tatu: woga wa kuwasiliana, woga wa mtihani, na woga wa kutathminiwa vibaya na wengine. Wanafunzi waliowachunguza walikuwa wanajifunza lugha ya kigeni kama somo mojawapo kati ya masomo yao. Mmarekani anayechapia Kihispania anatoka darasani akiwa bado hodari wa hesabu, kipindi kinachofuata anaingia kwingine kwa lugha yake, na utani wake na ubishi wake vinamsubiri mlangoni. Mwanafunzi wetu hana mlango huo. Sentensi iliyomshinda ilikuwa imebeba baiolojia, saa moja baadaye nyingine itabeba jiografia, na alasiri nyingine itabeba historia ya babu zake mwenyewe.

Ndiyo maana naona haitoshi kusema kwamba wanafunzi wanashindwa lugha. Wanapoteza nafsi zao kwa saa kadhaa kila siku. Mchekeshaji wa darasa la saba hawezi kuchekesha kwa msamiati wa maneno mia tatu. Mbishi hawezi kubisha, kwa sababu ubishi unahitaji "ingawa", "ilhali" na "hata kama", na hivyo ni viungo vya lugha vinavyochelewa kuliko vyote kukaa mdomoni. Anayebaki amekaa kwenye dawati ni mtu mwingine kabisa, mnyenyekevu, wa majibu mafupi, na mwalimu aliyekutana naye kwa mara ya kwanza kidato cha kwanza hana namna ya kujua kwamba huyu siye. Kuanzia mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Martha Qorro, wakishirikiana na Birgit Brock-Utne wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzao wa Afrika Kusini, waliendesha mradi ulioitwa LOITASA, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kulinganisha madarasa ya sekondari yanayofundishwa kwa Kiingereza na yanayofundishwa kwa Kiswahili. Palipofundishwa kwa Kiswahili wanafunzi walinyoosha mikono, waliuliza, walijadiliana. Walikuwa watoto wa aina ileile, waliotoka kwenye shule zilezile za msingi.

Mwalimu naye yumo katika mtego huo, na habari zake husemwa kwa nadra kwa sababu tunamhesabu kuwa ndiye anayehukumu. Mtazame ofisini wakati wa chai: anasimulia, anaigiza, wenzake wanashika mbavu. Akivuka uwanja na kuingia kidato cha pili anageuka mtu wa kusoma madesa. Hatoi mfano ambao haumo kitabuni, kwa kuwa mfano wa papo hapo unadai Kiingereza cha papo hapo, na wanafunzi watano waliotoka shule za kulipia wamekaa mstari wa mbele wakisubiri achapie. Akiona topiki inagoma kueleweka, anashusha sauti na kuieleza kwa Kiswahili, darasa linachangamka, maswali yanamiminika. Mthibiti ubora akionekana getini, anarudi kwenye Kiingereza katikati ya sentensi. Dakika zake bora za kufundisha anazifanya kwa kuiba, kama anayevuta sigara nyuma ya choo, na jioni anajaza kwenye kitabu chake kwamba somo limekwenda vizuri.

Nani hasa anacheka? Nimekaa katika madarasa na vikao vya kutosha kuwa na jibu langu. Anayekijua Kiingereza barabara hacheki sana, hana haja. Anayecheka kwa nguvu kuliko wote ni jirani wa anayechekwa, yule ambaye angeitwa yeye angechapia palepale. Kicheko chake kina kazi mbili: kinatangaza kwamba ameliona kosa, kwa hiyo yeye yuko upande wa wanaojua, na kinayaweka macho ya darasa kwa Izgo yasije yakamgeukia yeye. Kwa hiyo hofu hujizalisha yenyewe. Kila anayechekwa huongeza idadi ya wanaohitaji kumcheka mwingine ili wajiweke salama, na ndani ya mwaka mmoja darasa zima linalindana kwa kuumizana, bila mtu hata mmoja aliyekusudia ukatili.

Wapo wanaosema kwamba tatizo letu ni haya, kwamba Mtanzania kwa asili ni mtu wa aibu na lugha ya kigeni inamtisha. Hao waende Malindi. Mji huo wa pwani ya Kenya una uhusiano mrefu na Waitalia, ambao walijenga karibu yake kituo cha kurushia satelaiti cha San Marco na kurusha satelaiti kutoka baharini mwaka 1967, na baada ya wanasayansi wakaja watalii, mahoteli na majumba ya kifahari. Leo vijana wa ufukweni, wauza vinyago, madereva wa tuktuk na akina mama wa sokoni wanazungumza Kiitaliano. Wengi wao hawakukisomea popote. Wamekiokota kwa masikio na wanakitema kwa ujasiri, vitenzi vikiwa vimepinda, jinsia za maneno zikiwa zimechanganyika. Ukivuka kwenda Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja, utawakuta papasi, vijana wanaowafuata watalii, wakifanya vivyo hivyo. Panda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu au Machame uwasikilize wapagazi, ambao huanza kazi wakiwa na maneno machache ya Kiingereza waliyobaki nayo kutoka shule, wakayaongeza kambini kwa kuulizana na wageni majina ya vitu, na baada ya misimu kadhaa baadhi yao wanaongoza misafara. Wapo pia wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou kufunga mzigo, wakirudi na Kichina cha bei na vipimo kinachowatosha kabisa.

Watu hawa ni ndugu zake Izgo. Baadhi yao ni Izgo mwenyewe, miaka kumi baada ya kuacha shule. Wanachapia mchana kutwa na hawanyamazi. Tofauti ni kwamba hakuna mtu katika pwani yote ya Afrika Mashariki aliyewahi kuambiwa kwamba asiyejua Kiitaliano ni mjinga. Kijana wa Malindi akikosea, mgeni anafurahi kwamba amejaribu, mwenzake anamsahihisha, biashara inaendelea. Kosa linabaki kosa la Kiitaliano. Kosa la Izgo liligeuka kuwa ushahidi juu ya kichwa chake, nyumbani kwao na shule aliyotoka, na hilo ndilo linalofunga mdomo.

Kipimo hiki hakikushuka kutoka mbinguni. Chini ya Waingereza, Kiingereza kilikuwa ndiyo njia ya kupata ukarani, na karani alikuwa ndiye Mwafrika aliyekaa kitini. Kenya, wazee waliosoma zama hizo wanakumbuka kuvishwa kitu shingoni kwa kosa la kuzungumza lugha ya mama, na desturi hiyo ilirithiwa na shule nyingi baada ya uhuru chini ya jina la disk: aliyenaswa anaivaa, na ili aivue lazima amnase mwingine. Anayetaka kujua kwa nini jirani ndiye anayecheka kuliko wote aitafakari kanuni hiyo ya kupokezana. Kwetu Tanzania vibao vinavyoagiza Kiingereza peke yake vimepakwa rangi nzuri kwenye kuta za shule, na adhabu imekuwa ya kistaarabu zaidi. Lakini mzazi anayelipa ada ya shule ya Kiingereza anajua anachonunua. Ukimuuliza mwanawe anaendeleaje, hakuambii kwamba anajua kugawanya sehemu au kwamba anapenda kusoma. Anakuambia mtoto anaongea yai, na anamwita sebuleni aje awasalimu wageni kwa hilo yai.

Nchini Kenya hukumu ina makali ya pande mbili. Huko wana neno lao, kushrabu, kwa ajili ya yule ambaye matamshi ya lugha ya kwao yanapenya katika Kiingereza au Kiswahili chake. Anayeshrabu anachekwa kwa kutokuwa msomi na papo hapo anatajwa kabila, kwa kuwa "l" na "r" zilizobadilishana nafasi zinasema alikozaliwa kabla hajasema jina. Katika nchi ambayo kabila limewahi kuamua mtu alale wapi, kicheko hicho si kidogo kama kinavyosikika.

Ingekuwa jambo la watoto tu, tungesema litapita. Halipiti. Atakayehudhuria warsha yoyote ya siku mbili katika ukumbi wa hoteli Dodoma au Morogoro, wawezeshaji wakiwa na slaidi za Kiingereza, ataona watu wazima wenye shahada wakifanya mambo yaleyale ya kidato cha kwanza. Wasemaji ni watatu, walewale, kuanzia asubuhi hadi chai ya saa kumi. Wengine wanaandika. Halafu mwenyekiti, labda kwa uchovu, anasema ruksa kuchanganya lugha, na ghafla bwana aliyekaa pembeni siku nzima anashika kipaza sauti na kueleza, kwa dakika nne, kwa nini mradi unaojadiliwa hautafanya kazi katika wilaya yake. Anaeleza kwa takwimu, kwa majina ya vijiji, kwa kejeli kidogo. Ukumbi unacheka, safari hii pamoja naye. Maarifa hayo yalikuwamo ukumbini tangu saa tatu asubuhi. Ni warsha ngapi zilimalizika bila mwenyekiti kuchoka?

Ngazi za juu ni hivyohivyo. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, kwa hiyo wanaotaka kutuwakilisha katika Bunge la Afrika Mashariki wamekuwa wakijieleza kwa Kiingereza mbele ya wabunge. Siku hiyo watu waliozoeleka majukwaani kwa ulimi mkali huonekana wakigugumia, na vipande vya video zao husambazwa mitandaoni kwa ajili ya kuchekwa, mara nyingi na watu ambao wenyewe wanaandika maoni yao kwa Kiswahili. Hayati Rais Magufuli alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyoipata mwaka 2009 kwa utafiti kuhusu mafuta ya maganda ya korosho, na bado alikejeliwa mitandaoni kwa namna alivyotamka Kiingereza. Mtu anaweza kuwa na sababu nyingi za kumkosoa kiongozi yule, na mimi ninazo zangu, lakini kumwona mtu mwenye uzamivu wa kemia anaitwa mbumbumbu kwa sababu ya irabu kulionyesha wazi kwamba kicheko chetu hakipimi elimu. Kinapima mlio. Alichofanya yeye, akiwa na madaraka ya kukifanya, ni kubadili meza: Agosti 2019, wakuu wa nchi za SADC, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, walipokutana Dar es Salaam, Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Izgo hana uwezo wa kuitisha mkutano wa wakuu wa nchi.

Na kabla Watanzania hatujajifanya wahanga wasio na doa, tukumbuke tunavyomtenda Mkenya akifika Dar es Salaam. Anafungua mdomo kuagiza chai, ngeli zinagongana, na mhudumu anamwita mwenzake aje asikie. Wakenya wengi wanaokuja kikazi hujibu kwa Kiingereza hapa mjini, nasi tunasema wanajidai. Wachache tu kati yetu hudhani kwamba mtu huyo anaogopa. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Bujumbura wanayajua hayo, na Mzanzibari naye ana kicheko chake alichokihifadhi kwa ajili ya Kiswahili cha bara, ambacho hukitoa kwa adabu zaidi lakini hukitoa. Mtanzania aliyenyamaza kikaoni Nairobi kwa kuogopa Kiingereza chake na Mkenya aliyenyamaza sokoni Kariakoo kwa kuogopa Kiswahili chake wangeweza kusaidiana sana, kama mmojawao angethubutu kuanza kuchapia.

Hoja inayotolewa kuwatetea wachekaji ni kwamba kuchekwa kunakomaza, kwamba aliyechekwa mara moja atakwenda kusoma ili asichekwe tena. Wapo waliokwenda kusoma, na wengi wao ndio wanaotoa hoja hiyo leo wakiwa wameshika kipaza sauti. Waliokaa kimya hawana pa kutolea ushahidi wao. Lakini lugha, tofauti na jedwali la kuzidisha, haijifunzwi kwa kusomwa chumbani peke yake. Hujifunzwa kwa kusemwa vibaya mbele ya watu mara nyingi sana, jambo ambalo mtoto wa miaka miwili hulifanya kila siku huku familia nzima ikimshangilia. Kicheko kinamnyima mwanafunzi zana hiyo moja. Kwa hiyo mfumo unaotaka watoto wajue Kiingereza, na ukaruhusu wamcheke kila anayekosea, umejipinga wenyewe, na wanaokipenda Kiingereza kwa dhati walipaswa kuwa wa kwanza kulalamika. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambayo kwa mara ya kwanza yalipotangazwa yaliwaacha takriban asilimia 60 ya watahiniwa na daraja sifuri, kabla ya kufutwa na kupangwa upya, yalikuwa na sababu nyingi, na uhaba wa walimu ulikuwa mkubwa miongoni mwazo. Hata hivyo, huwezi kuwa na mtoto ambaye kwa miaka minne hajauliza swali hata moja darasani, halafu ukashangaa karatasi yake ya mtihani.

Yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kusubiri sera, na walimu wazuri wanayafanya. Katika majaribio yake mashuhuri ya miaka ya 1950, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari ya urefu tofauti, akaona wengi wakikubali jibu la wazi la uongo angalau mara moja kwa sababu tu kundi zima limelisema. Walipoachiwa waandike jibu badala ya kulitamka mbele za watu, utiifu huo ulishuka sana. Mwalimu anayepitisha vikaratasi vya maswali visivyo na majina anatumia elimu hiyo hata kama hajawahi kumsikia Asch. Vivyo hivyo anayewaacha wanafunzi wazungumze wawili wawili kabla ya kumwita mmoja asimame, na anayelikataza darasa kurudia kosa la mtu kwa sauti ya mzaha. Zaidi ya wote yupo yule anayekosea mwenyewe ubaoni, akajisahihisha kwa sauti na kuendelea bila kuona haya. Huyo amelishusha kosa la Kiingereza mpaka likafanana na kosa la Kiitaliano.

Ila mbinu za darasani zina mpaka, kwa sababu wanafunzi wanajua kinachowasubiri nje. Wanajua kuhusu usaili. Kijana aliyesomea kilimo anaitwa kwa ajili ya nafasi ya afisa ugani, kazi ambayo atazungumza na wakulima wa alizeti wa Kongwa kwa Kiswahili na, akijaliwa, kwa Kigogo. Mbele yake limekaa jopo la watu watano, wote wamezaliwa na kulelewa katika Kiswahili, wote wanaulizana habari za nyumbani kwa Kiswahili mpaka mlango unapofunguliwa. Msailiwa akiingia, mazungumzo yanageuka Kiingereza. Anaulizwa kuhusu viwavijeshi, anajua habari zao zote, anajibu kwa sentensi tatu zilizokonda. Kwenye fomu kuna sehemu ya alama za kujieleza, naye anapata chache. Nimewahi kuwauliza watu waliokaa kwenye majopo ya aina hiyo kwa nini wasibadili lugha, maana hakuna aliyewakataza. Jibu halikuwa kwamba Kiingereza kinahitajika kazini. Kila mmoja alidhani kwamba akiwa wa kwanza kuuliza kwa Kiswahili, wale wanne wengine watafikiri Kiingereza kimemshinda.

Sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hakimu aliondolewa mzigo huo: hakuna anayeweza kumdhania vibaya kwa kuandika hukumu ambayo mkulima aliyeshinda kesi anaweza kuisoma. Majopo ya usaili hayahitaji hata Bunge likutane. Yanahitaji mwajiri aandike kwenye tangazo la kazi kwamba usaili utafanyika kwa lugha ya kazi yenyewe, na mwenyekiti aulize swali la kwanza kwa lugha hiyo, ili wale wanne nao wapate kupumua.